Swichi ya Mlango wa Mama Hans

Gari letu lilianza kujifunga lenyewe mwezi wa nne, na kwa wiki sita nilimwambia mke wangu kwamba kosa ni lake. Nilimwambia anabamiza mlango. Nilimwambia anaegemeza kiwiko kwenye swichi. Nimefundisha umeme katika shule ya ufundi kwa miaka ishirini na saba, na mtu akishazoea kusahihisha watoto wa wenzake, hata akistaafu haweki chaki chini. Tabitha alinisikiliza mpaka mwisho, akabamiza mlango, akaenda zake dukani.

Ni gari dogo la Kijapani, lilitufikia likiwa limeshawachosha watu wengine. Mlango wa dereva una swichi ya kufunga na kufungua milango yote, na mlango wa mbele kushoto, ambao ndio mlango wa Tabitha, una swichi yake pia. Ukibonyeza yoyote kati ya hizo mbili, milango yote minne inaitika kwa pamoja: tak. Sasa ikawa inaitika bila kuitwa. Tuko kwenye mataa, tak, imefunga. Tumevuka mataa, tak, imefungua. Jumamosi moja Tabitha alishuka soko la Tengeru kununua ndizi mshale, ufunguo akauacha kwenye gari, nalo likajifunga nyuma yake. Alikaa juani saa nzima na mikungu miwili miguuni hadi dereva mmoja wa lori alipomwonea huruma na kuja na waya.

Alirudi nyumbani Kimandolu jioni hiyo akanikuta barazani.

"Baba Hans," alisema, bila hata kuvua viatu, "Jumamosi ijayo nakwenda kwa Sadoki na gari hili. Likijifunga na sufuria za watu ndani, nitavunja kioo kwa jiwe, na usiniulize."

Niliinuka kitini. Si kwa sababu ya kioo. Ni kwa sababu alikuwa amelitaja jina ambalo nilikuwa nimelipiga marufuku katika nyumba hiyo kwa miaka mitatu.

Sadoki ni mdogo wangu. Tulizaliwa wawili tu, yeye akabaki kwenye kihamba, shamba la urithi la baba, huko juu ya Maji ya Chai, na kahawa na migomba, mimi nikaja mjini na vyeti vyangu. Baba alikuwa ametugawia kile kihamba kabla hajafa, na mpaka akauweka kwa mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo kila Mmeru anaijua kuwa ni mpaka hata kama hujamwambia. Mama alipofariki, Sadoki aling'oa masale kama kumi hivi, akasogea hatua mbili upande wangu, akapanda miche ya parachichi. Kila mtu siku hizi anapanda parachichi. Ningeweza kumpigia simu na kumuuliza. Badala yake niliitisha kikao cha ukoo, nikaenda na karatasi niliyochora kwa rula.

Mbele ya wazee wote, Sadoki alinitazama mimi na rula yangu, akasema, "Wewe uliyemzika mama kwa simu, leo unadai udongo?"

Wiki aliyokufa mama nilikuwa Dodoma nasahihisha mitihani. Nilipanga kila kitu kwa simu, jeneza, maturubai, mchele, gari la kubebea mwili, na nikafika asubuhi ya maziko yenyewe, nikiwa nimevaa suti. Kwa hiyo maneno yale yalikuwa na kweli ndani yake, na ndiyo maana yalinichoma. Nilichukua koti langu nikatoka bila kuaga, na hatua zangu mbili nikamwachia.

Halafu nikasubiri. Kwetu sisi, kama ilivyo kwa majirani zetu Wachaga, aliyekukosea akitaka radhi hukata jani la isale, mmea uleule wa mpaka, hulifunga fundo moja katikati, akakuletea. Akishalileta, huna ruhusa ya kukataa, hata kama amekuulia ng'ombe. Anayekataa isale ndiye anayegeuka mkosaji, na kosa lake ni kubwa kuliko lile la kwanza. Mimi ni mkubwa, yeye ni mdogo, na tusi lilitoka kinywani mwake. Zamu ilikuwa yake. Nilisubiri mwezi, nikasubiri mwaka, nikasubiri miaka mitatu, na hasira yangu ikanenepa kwa kukaa bure. Tabitha nilimkataza kulitaja hilo jina ndani ya nyumba, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu alinitii, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa na akili.

Sasa Princess, binti pekee wa Sadoki, anaolewa. Sherehe ya kumuaga ilikuwa Jumamosi hiyo ya sufuria. Kwenye ukoo wetu anayemshika binti mkono na kumtoa nje ya mlango wa baba yake siku hiyo ni baba mkubwa. Asipokuwepo, baba mzazi humtoa mwenyewe, na kila mgeni aliyekaa kwenye turubai anajua kwamba familia hii ina ndugu aliyepotea. Princess alinipigia simu mwenyewe.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Utakuja kunitoa?"

Mtoto yule nilimbeba mgongoni. Nilimfundisha kubadilisha balbu akiwa darasa la pili. Nikamjibu nini? Nikamjibu, "Baba yako anajua njia ya kuja kwangu."

Akasema, "Haya, baba mkubwa," akakata. Siku mbili nzima nilikuwa nikiishika simu na kuirudisha mezani, lakini sikumpigia. Mtu mwenye kiburi hana haja ya adui.

"Kuna msemo," nilimwambia Tabitha jioni ile ya soko, nikijitetea kabla sijashtakiwa. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime."

"Nimelima miaka mitatu, Baba Hans," alisema. "Mgongo unaniuma. Tengeneza gari."

Nikaamua kutengeneza gari. Kwenda nisiende, lakini mke wangu asiaibike njiani. Fundi sikumwita. Mafundi wa siku hizi wakisikia loki inasumbua wanabadilisha mota nne, swichi mbili na fyuzi zote, kisha wanakuuliza kama tatizo limeisha. Tatizo la umeme halitafutwi kwa kubadilisha, linatafutwa kwa kutenga. Jumatano nilinyanyua kibao cha swichi cha upande wa dereva kwa bisibisi bapa niliyoizungushia kitambaa, nikachomoa soketi yake, nikazunguka na gari mpaka Kijenge na kurudi. Likajifunga mara sita. Basi swichi ya dereva haina hatia. Ikabaki ya kushoto.

Alhamisi baada ya chai ya asubuhi nilitandika gunia uani, nikatenganisha waya hasi wa betri kwa spana namba kumi, nikaufungua mlango wa Tabitha wote. Swichi yake haitoki kwa juu kama ya dereva. Skrubu zake zimekaa kwa nyuma, kwa hiyo lazima kava lote la ndani la mlango litoke kwanza: skrubu moja nyuma ya mkono wa kufungulia, moja chini ya kishikio, kisha klipu za plastiki kuzunguka ukingo, ambazo unazivuta moja moja kwa upole la sivyo zinavunjika na mlango unalia barabarani maisha yako yote. Nilizivuta kwa upole. Nikimaliza kusimulia haya mtasema najisifu, lakini haikuvunjika hata moja.

Nyuma ya kava kuna karatasi ya nailoni ya kuzuia maji. Yangu ilikuwa imechanwa kipande kikubwa kama sahani. Aliyekuja kutufungia spika miaka ile aliichana, akairudishia kava juu yake na kulipwa. Na kila Jumamosi mimi mwenyewe nilikuwa naosha gari kwa mpira, nikilenga maji kwenye vioo kwa sababu napenda ving'ae. Nilipoifungua swichi, niliikuta na doa la maji ndani, na vile vishaba vidogo vinavyogusana vilikuwa vimeota weusi na ukungu wa kijani. Unyevu ulikuwa unaziunganisha njia mbili zisizotakiwa kukutana, na gari likawa linasikia amri ambayo hakuna aliyeitoa.

Nikakaa nikiitazama ile swichi mkononi. Wiki sita nilikuwa nimemlaumu Tabitha, kumbe maji ni yangu.

"Mama Hans," niliita kuelekea jikoni, "si wewe."

"Najua," alijibu.

Nilisafisha vishaba kwa mswaki wa zamani na spiriti, nikavisugua kwa kifutio cha penseli mpaka vikarudisha rangi yake, nikaviacha vikauke. Huko mlimani mawingu yalikuwa yamekaa chini, hakukuwa na jua la kusaidia, kwa hiyo nilivipuliza kwa mdomo kama mtu anayewasha moto wa kuni. Kisha nikairudisha swichi kwenye kava, nikaziba nailoni kwa gundi ya karatasi, nikaacha upenyo wa kupitishia waya. Nilikuwa nimeridhika. Na mtu akiridhika mikono inalegea. Skrubu moja iliniponyoka, ikagonga bati, ikapita kwenye upenyo na kudondokea ndani ya mlango. Nikaisikia ikibingirika hadi chini kabisa.

Nilisema neno ambalo mwalimu hatakiwi kulisema.

Sikutaka kuiacha, maana ingelia kila tuta. Nilichukua sumaku ya spika iliyokufa, nikaifunga kwenye kamba, nikaishusha. Ilipanda na skrubu mara ya kwanza tu. Lakini ilipokuwa inapita kule chini nilisikia mchakacho, kitu kikavu kikisugua bati. Nikadhani ni kiota cha panya. Nikapanua upenyo wa nailoni, nikapenyeza mkono hadi kwenye kiwiko, nikapapasa, nikashika kitu kirefu chembamba, nikakivuta taratibu kupitia kwenye upenyo.

Lilikuwa jani la isale. Limekauka, rangi ya kahawia, refu kama mkono wangu, na katikati lilikuwa na fundo.

Hakuna upepo unaofunga fundo. Nilibaki nimepiga magoti kwenye gunia, nimelishika kwa vidole viwili, na nilikuwa nimeelewa kabla sijataka kuelewa.

"Mama Hans! Njoo!"

Alitoka mbio na mwiko mkononi, akidhani umeme umenipiga. Alipoona nilichoshika alisimama.

"Umelitoa wapi?"

"Ndani ya mlango wako."

Aliketi kwenye ngazi ya jikoni. Aliuweka mwiko kwenye mapaja bila kujali kwamba unachafua kanga.

"Ile Jumapili," alisema.

"Jumapili ipi?"

"Ulinikataza nisiseme."

"Sema sasa."

"Mwezi mmoja hivi baada ya kile kikao chenu. Mama Agnela wa dukani hapo aliniambia shemeji Sadoki alikuja mpaka getini, akakuta tumekwenda ibadani, na yeye Mama Agnela akamwelekeza kanisani. Nikaja kukwambia. Nilifika kwenye 'Sado', ukanyanyua mkono. Ukasema jina hilo lisisikike tena kwenye nyumba hii." Alifuta jicho kwa mgongo wa mkono. "Nikajua kama alikuja hadi kanisani, basi mlishaonana huko, mkashindwana. Nikakaa kimya kama ulivyotaka."

Niliikumbuka ile Jumapili. Si kwa sababu ilikuwa na jambo, bali kwa sababu Jumapili zetu zote ni moja. Ni mwezi wa pili, jua kali. Ninaegesha kando ya ukuta wa kanisa, naacha vioo vyote wazi upana wa kidole ili joto lipumue. Ibada ikiisha, Tabitha hatoki kanisani, huondolewa. Anasalimia kwaya yote, sauti ya kwanza hadi ya nne. Mimi natangulia kwenye gari peke yangu, naingia upande wa kulia, na kabla ya kuwasha chochote kingine nashusha vioo vyote vinne kwa pamoja. Kisha nasogea kumchukua mlangoni. Nimefanya hivyo miaka yote, bila kutazama kushoto.

Zamani mtu alilileta isale mlangoni pa nyumba yako. Siku hizi nyumba zetu zina mageti na mbwa. Mdogo wangu alikuta geti, akaja kanisani, akakuta ibada imeanza, naye bila shaka alikuwa na nguo zake za shamba, akaona aibu kuingia. Akaona gari. Akalichomeka jani kwenye kioo, mahali ambapo alijua litaonekana. Na mimi nikaja, nikabonyeza kitufe, kioo kikaenda chini na jani likaenda nacho.

Ndipo nikakumbuka na mazishi ya mwaka jana ya mjomba wetu, kule juu. Wazee walinipa mkono mmoja mmoja, wakaniwekea kiti, lakini hakuna aliyeniuliza habari za nyumbani, na ilipofika zamu ya familia kusema, walinipita. Nilirudi mjini nikimwambia Tabitha kwamba kuna mtu amewalisha maneno. Kumbe hawakulishwa lolote. Walikuwa wanamtazama mtu aliyekataa isale la mdogo wake wa tumbo moja.

Niliona aibu. Sina neno zuri zaidi. Aibu ile inayopasha masikio moto, na hakuna mwanafunzi wa kumsingizia.

"Funga jikoni," nilimwambia Tabitha. "Twende."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Nilichomeka soketi ya swichi, nikarudisha waya wa betri, nikabonyeza. Tak. Mara moja tu, na kimya. Nikabonyeza tena, tak, ikafungua. Siku nyingine ningemwita aje kushuhudia. Niliangalia saa, ilikuwa saa nne na nusu.

"Na kava?" Tabitha aliuliza, maana mlango wake ulikuwa uchi, waya na bati nje, swichi ikining'inia kwenye kava ambalo nililiegemeza tu mahali pake.

"Litafungwa tukirudi. Lishikilie."

Akalishikilia kwa mikono miwili kutoka Kimandolu hadi Maji ya Chai, na jani nililiweka mbele juu ya dashibodi, mahali ninapoweza kuliona. Tulipoacha lami na kuanza kupanda, barabara ilikuwa imechimbwa na mvua za masika, na nilikwenda kwa gia ya kwanza karibu njia nzima. Matope, mawe, ng'ombe wa watu katikati ya njia. Nilipiga honi kwa ng'ombe mmoja kama vile ndiye aliyenichelewesha miaka mitatu, mpaka Tabitha akaniwekea mkono begani.

Sadoki alikuwa mbele ya nyumba yake, anasawazisha uwanja kwa reki kwa ajili ya maturubai. Alikuwa amezeeka. Mimi pia bila shaka, lakini mimi najiona kila siku kwenye kioo na nimeshazoea. Alipoliona gari alisimamisha reki, akaishika kwa mikono yote miwili, na hakusogea.

Nilishuka na jani. Njiani nilikuwa nimetunga hotuba nzima, yenye utangulizi na mwili na hitimisho, na yote ilinitoka. Nililishika lile jani kwa mikono miwili, kama linavyopokewa, nikamwonyesha.

"Nimelipokea," nilisema.

Aliliangalia muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, usinichezee. Nilikuwa ng'ambo ya barabara. Nilikuona unaingia kwenye gari. Nililiweka upande wa shemeji nikijua yeye ndiye atakayeliona kwanza, lakini ukaja peke yako, ukaliona, ukashusha kioo."

"Sikuliona."

"Ulishusha kioo."

"Huwa nashusha vyote, Sadoki. Kila Jumapili. Muulize shemeji yako. Sikulitazama, sikuliona, lilidondokea ndani ya mlango, na limekaa humo hadi leo. Nilikuwa natengeneza swichi."

Tabitha alikuwa ameshuka. Aliliweka kava chini kwenye nyasi na kuuacha mlango wazi, na Sadoki akausogelea, akainama, akatazama ule uwazi kwenye bati na kioo kilivyosimama ndani yake. Aliingiza vidole. Ni mkulima, lakini hakuhitaji cheti kuelewa. Aliponyooka macho yalikuwa yamebadilika.

"Umelikuta lini?" aliuliza.

"Leo. Saa nne na nusu."

Alitoa simu yake mfukoni, akaitazama. Ilikuwa saa sita kasoro.

"Saa moja na kitu tu, na umeshafika," alisema.

"Barabara yenu mbovu," nilisema. "Ningefika mapema zaidi."

Alicheka, kisha akageuza uso upande wa migomba. Mimi nikaona kwamba nikiacha jambo liishie hapo, litakuwa limeisha vizuri na mimi nitakuwa nimetoka bila deni, mwathirika wa kioo cha gari. Na haikuwa hivyo. Lile jani lilikuwa linaomba radhi kwa ajili ya maneno ambayo yalikuwa ya kweli.

"Sadoki," nilisema. "Nilimzika mama kwa simu. Ulisema sawa."

"Kaka, acha."

"Walimu wenzangu walinipa ruhusa. Walisema watanisaidia fungu langu la karatasi. Tangu Jumatatu uliponiambia amezidiwa, ningeweza kupanda basi. Niliogopa kumwona vile. Nikajiambia kazi ni nyingi."

Hilo sikuwa nimelisema kwa mtu yeyote, hata Tabitha, na yeye alikuwa amesimama palepale akinisikia. Sadoki aliilaza reki chini. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wakicheka, wakichambua mchele wa Jumamosi.

"Alikuulizia," alisema hatimaye. "Siku ile ya mwisho, kuanzia asubuhi. Nikamwambia uko njiani."

Niligeuka kumtazama.

"Nilimwambia umetoka Dodoma alfajiri. Akalala kidogo, akaamka, akauliza, Sifaeli amefika wapi? Nikamwambia Kondoa. Akalala. Akauliza tena, nikamwambia umepita Babati. Mchana akauliza, nikamwambia Makuyuni, basi lilikuwa na pancha lakini limeshafungwa tairi jingine. Ile ya pancha ilimfurahisha, akasema utakuwa umeshuka kuwafundisha kazi." Alifuta uso kwa kiganja. "Alipofumba macho, kaka, ulikuwa umefika Kisongo."

Nilikaa chini kwenye udongo aliotoka kuusawazisha, na suruali yangu ya mjini, na nililia kwa sauti kama sikuwa mzee wa watu. Sadoki alikaa kando yangu. Hakunishika, hakuniambia ninyamaze. Wanawake walinyamaza kule nyuma, na nilimwona Princess akitokeza kwenye kona ya nyumba, akatuona, akarudi.

Baada ya muda Sadoki alinyanyuka, akaniinua kwa mkono, akanipangusa udongo mgongoni.

"Jumamosi usiegeshe kule barabarani na wageni," alisema. "Leta gari mpaka hapa karibu na mlango. Una binti wa kutoa."